Kumwona mdudu stoo si kumtambua

Kutambua wadudu waharibifu katika makumbusho ni kujua mdudu ni wa aina gani, yuko katika hatua gani ya maisha, na anakula nini. Anayesema "tumetambua wadudu stoo" kwa kuwa kuna kitu kimepita ukutani, bado hajatambua. Ameona tu.

Panaponikera zaidi ni kwa nondo. Vazi la sufu likitoboka, lawama zote humwendea nondo anayeruka, ilhali nondo wa nguo akishakomaa hali kitu. Mlaji ni kiwavi wake. Kiwavi wa Tineola bisselliella, mmoja wa nondo hao wa nguo, huacha utando wa hariri juu ya kitambaa, umechanganyika na punje za kinyesi ambazo mara nyingi huwa na rangi ya kitambaa chenyewe. Yule wa Tinea pellionella, nondo mwingine wa nguo, hujisokotea ala, yaani kifuko cha kujifunika, akawa anaiburuta kila aendako. Ukikuta ala, tayari unajua unashughulika na nani.

Mbawakawa nao ni hivyo hivyo. Anthrenus museorum, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1761, akikomaa hula chavua na hufuata mwanga wa dirisha. Buu lake ndilo linalomaliza manyoya, ngozi na wadudu waliochomwa pini. Fungua sanduku la vipepeo, ulimulike kwa pembeni: chini ya pini moja kuna vumbi la kahawia, na kando yake maganda makavu yenye vinywele ambayo buu limeyavua. Kwangu ushahidi huo una uzito kuliko mbawakawa mfu dirishani, ambaye huenda aliingia tu kutoka kwenye maua ya nje.

Kwenye mbao, tafadhali, si kila unga ni kazi ya mchwa. Mchwa wa ardhini huja na udongo wao. Matundu madogo ya duara yenye unga laini mno huelekeza kwa Lyctus, mbawakawa atoboaye mbao; unga wenye chembechembe unazozisikia vidoleni huelekeza kwa Anobium punctatum, mbawakawa mwingine wa mbao.

Kwa hiyo kwenye daftari la ukaguzi, badala ya "wadudu wameonekana", andika aina, hatua na mahali. Ukishindwa kufika kwenye spishi, "buu lenye vinywele, kabati la ndege waliokaushwa" yanatosha kumwonyesha mwenzako kipi kianze kuingia kwenye friza ili wadudu wafe.