Ganzi ya Vidole kwa Wanaotumia Mashine za Mtetemo Isichukuliwe Kuwa Uchovu

Tangu maadhimisho ya Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, tarehe 28 Aprili, tumepokea maswali mengi kutoka kwa mafundi wa grinda, wachimbaji wa madini na wakata miti wanaotaka kujua kama ganzi ya vidole vyao inatokana na kazi. Inaweza kutokana na kazi, na inasikitisha kwamba wengi huuliza baada ya kuivumilia kwa miaka.

Grinda, chenso, jekihama na drili ya miamba hupeleka mtetemo kwenye mkono unaoishika. Mtetemo huo, ukirudiwa siku baada ya siku, huumiza neva za vidole na kufanya mishipa midogo ya damu ijibane kupita kiasi. Mwaka 1918 Daktari Alice Hamilton aliwachunguza wakata mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliokuwa wakitumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe kwenye baridi, hasa vya mkono wa kushoto uliokuwa ukishika patasi. Kwa hiyo hili si jambo jipya, na wala halina uhusiano na kurogwa.

Wapo wanaosema kuwa nchi yetu ni ya joto, hivyo ugonjwa huu hautuhusu. Hilo si sahihi. Joto huficha ule weupe, lakini haliziponyi neva. Mkata miti wa Mufindi, kwenye nyanda za juu zenye baridi, anaweza kuuona weupe huo asubuhi za Juni na Julai, upande wa kiganja na chini ya kucha, ilhali mchimbaji wa Geita asiuone kabisa na bado akawa anapoteza hisia za vidole. Tunapowapima, huwaomba wafunge vifungo vya shati bila kutazama, kisha waokote sarafu mezani. Fundi mmoja aliisukuma sarafu ya shilingi mia hadi ukingoni mwa meza ndipo akaibana kwa kidole gumba, akasema mkono umechoka tu. Hakuwa ameshika grinda kwa siku tatu.

Katika kukadiria hatari ya mashine, kinachopimwa ni nguvu ya mtetemo pamoja na muda ambao mashine inanguruma mkononi, si urefu wa zamu. Kanuni za Ulaya zinaweka kikomo cha mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na zinamtaka mwajiri achukue hatua kuanzia 2.5. Mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda unaoruhusiwa hupungua hadi robo: mashine yenye mtetemo wa 10 hufikisha kiwango cha kuchukua hatua kwa nusu saa na kikomo kwa saa 2. Ndiyo maana tunasisitiza watu wapokezane mashine, diski iliyopinda au kuchakaa ibadilishwe, na mnyororo wa chenso unolewe. Tumeeleza mara nyingi, na tunarudia, kwamba glovu za kawaida hazizuii mtetemo. Hukinga michubuko na baridi. Sigara nayo huzidi kubana mishipa.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya 2003 inahusu pia karakana ndogo. Wafanyakazi hupimwa afya kabla ya kuanza kazi, kwa vipindi wakiwa kazini, na wanapoondoka. Kipimo cha mwanzo kisidharauliwe, kwa kuwa bila hicho ni vigumu kuonyesha kwamba mikono iliingia kazini ikiwa mizima. Mfanyakazi anayehisi dalili amjulishe mwajiri mapema, ikiwezekana kwa maandishi, na mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Michango ya mfuko huo hulipwa na mwajiri, na ni kosa kuikata kwenye mshahara wa mfanyakazi, ingawa bado tunakutana na waajiri wanaodai vinginevyo.

Anayekwenda kwa daktari aseme ametumia mashine gani, kwa miaka mingapi na kwa takriban saa ngapi kwa siku. Asipoyasema hayo, anaweza kutibiwa baridi yabisi huku akirudi kwenye mashine ileile kesho yake, na neva zikishaharibika sana, hata kuacha kazi hakurudishi hisia zote.