Bibi na Treni Ambayo Haikuwapo

Kazi yangu ni kurekodi masimulizi ya wazee. Familia huniita pale zinapoona babu au bibi ameanza kuchoka, na karibu kila mara nakuta wameshaandaa maswali kwenye daftari: ulizaliwa mwaka gani, uliolewa mwaka gani, ulihamia hapa lini. Naomba daftari hilo liwekwe pembeni kwanza. Mzee akiulizwa mwaka, anahisi yuko mbele ya afisa. Atakutajia mwaka wowote ili umwache, au atanyamaza.

Hilo nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, Tanga. Nilipomwuliza mwaka wake wa kuzaliwa alinijibu: "Mume wangu," maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "mwaka anaujua karani. Mimi najua nilizaliwa nzige walipomaliza mahindi ya kambi nzima."

Nzige peke yao hawatoshi. Nzige wekundu waliisumbua Tanganyika kuanzia mwanzo wa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940, tena walikuja makundi kwa makundi. Kwa hiyo nikatafuta nguzo ya pili. Nikamwuliza, je, anakumbuka vita vya Hitla vilipoanza? Tarehe hana, ila anamkumbuka mbwa. Msimamizi wa Kijerumani alikuja kuchukuliwa na askari, mbwa wake akabaki anazunguka nyumba tupu, na watoto wakawa wanamtupia magamba ya mihogo. Wajerumani wengi wa Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini Septemba 1939, vita vilipotangazwa. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?" "Nilikuwa nabeba kibuyu cha maji, si ndoo." Mtoto wa kibuyu ana miaka sita, saba, labda nane. Nikaandika: amezaliwa kati ya 1931 na 1933. Cheti chake kinasema 1940. Niliandika vyote viwili, na jinsi nilivyopata kila kimoja.

Ndiyo maana nakwenda na ukurasa mmoja wa matukio niliyoyapanga kwa mkono, na naupanga upya kwa kila mkoa. Kwa Ugogo, upande wa Dodoma, naanza na Mtunya, njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, kwa sababu wazee wa leo walisimuliwa na wazazi walioiona. Kwa Kongwa na Nachingwea siwezi kuacha mashamba ya karanga ya Waingereza yaliyoanza 1947. Pesa nazo husaidia popote: kabla ya noti za Tanzania kutoka 1966, au baada yake? Mtu anaweza kusahau mwaka wa mahari yake, lakini hasahau kama zililipwa shilingi za picha ya mfalme au za picha ya Nyerere.

Kazi ya mtu ina kalenda yake pia. Baba yake bibi alitoka Buha, kule Kigoma, kwenda kukata mkonge, akawa mmoja wa vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Manamba walihesabu muda kwa vipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyougua au uliyolala haikuandikwa, na mshahara ulisubiri kadi ijae. Bibi anaposema baba yake "alikaa vipande tisa kabla ya kumwoa mama", mjukuu wa leo anasikia miezi tisa. Huenda ilikuwa mwaka mzima. Ukikutana na neno la namna hii, mwache mzee alieleze kwa maneno yake hata kama wewe unalijua, maana maelezo yake ndiyo unayoyataka kwenye sauti.

Kuna jambo moja ambalo limeharibu kazi nyingi nilizoletewa nizisikilize, nalo ni neno "baba". Kwetu baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na mzee akiwa katikati ya kisa haongezi "mdogo". Nimeona mti wa ukoo uliompa mtu mmoja baba wawili na kumfuta babu mzima. Uliza bila haya: huyo ndiye aliyekuzaa? Na yule kaka, mlinyonya ziwa moja? Mzee hakasiriki. Anafurahi kuona unataka kujua vizuri.

Majina nayo yafuatilie. Baba yake bibi alikuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, na jina la tatu alilompa karani wa shamba, la rafiki yake aliyekwisha rudi Kasulu. Tungelitafuta jina la ukoo kwenye karatasi za shamba tusingelipata maisha yetu yote.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Simu yako inatosha. Izime mtandao ili isiite, ikunjie khanga chini yake isipokee mtikisiko wa meza, isogeze karibu na mdomo wa mzee kuliko unavyodhani inafaa. Zima redio. Jogoo mwache. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, na waliopo. Dakika 45 zinatosha kwa siku, na asubuhi baada ya chai ni bora kuliko jioni. Nakala weka mahali patatu, mojawapo nje ya nyumba hiyo. Na mzee akisema "hili usiliandike", zima kabisa, mbele ya macho yake, aone taa imezimika.

Sasa nirudi kwenye treni.

Bibi amesimulia mara nyingi, na wanafamilia wote tunaisimulia hivyo, kwamba baba yake alipanda treni Kigoma akateremka Korogwe. Siku moja nikiwa nasikiliza rekodi usiku nikagundua kwamba haiwezekani. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na reli ya Tanga ilikuwa ya zamani zaidi, lakini hazikuwa zimeunganishwa. Reli ya kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ilifunguliwa 1963. Manamba wa miaka ya 1920 alishuka njiani akamalizia kwa lori au kwa miguu.

Ningeweza kumwambia "Bibi, umekosea". Wengi hufanya hivyo, na kosa lao ni kwamba baada ya hapo mzee huanza kuchagua ya kusema. Mimi niliisikiliza tena rekodi. Alikuwa akitaja stesheni: Mnyusi, Ruvu, Morogoro, Dodoma, Tabora, kisha Uvinza, "pale wanakupitishia chumvi dirishani". Mtu atokaye Kigoma angeanza na Uvinza. Huyu alikuwa anakwenda Kigoma, na aliyekaa dirishani ni Bibi mwenyewe.

Nilirudi kwake wiki iliyofuata. Shikamoo, marahaba, chai. Sikugusa habari za baba yake. Nikamwuliza tu: "Bibi, ile chumvi ya Uvinza uliinunua?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kwenye rekodi unasikia kijiko kikigusa kikombe, kisha kuku, kisha hakuna kitu. Halafu akasema aliinunua, kipakacha kimoja, akashindwa kukiinua kwa sababu alikuwa amempakata mtoto. Nikauliza mtoto yupi, kwa kuwa baba yangu, aliyezaliwa 1966, alikuwa bado, na shangazi zangu wawili walikuwa wakubwa wa kuachwa Korogwe. Akasema wa tatu. Walikuwa wanampeleka akaonwe na wazee wa Buha, akapata homa njiani, akazikwa huko kabla ya mvua za vuli. Waliporudi, babu alisema asitajwe, na kweli hakutajwa tena.

Nilimwuliza kama nizime simu. Akatikisa kichwa, akalitaja jina la mtoto mara mbili, la pili polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayemsomea karani.

Baba yangu alilisikia jina hilo akiwa na watoto wanne na mjukuu mmoja. Limeandikwa sasa kwenye ukurasa wa ukoo, kwa wino, mstari mmoja juu ya lake.