Takwimu za Kila Foleni kwenye Kadi ya Mtandao: Maana na Muundo Wake

Kadi ya mtandao ya seva ya siku hizi ina foleni kadhaa za kupokea pakiti (vipande vya data) na kadhaa za kutuma. Kwa kawaida kila foleni hukabidhiwa kori yake ya kichakataji ili mzigo usiielemee kori moja. Takwimu za kila foleni ni hesabu inayotunzwa kwa kila foleni peke yake: pakiti ngapi zimepita, baiti ngapi, ngapi zimepotea na kwa nini. Kiolesura cha takwimu hizo ni makubaliano kati ya draiva (programu inayoiendesha kadi) na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kuhusu nini kihesabiwe, kiitwe jina gani na kisomwe vipi.

Aliyewahi kusimama asubuhi mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, hahitaji maelezo marefu. Jumla ya kilo za dagaa zilizopimwa siku hiyo haikuambii kwamba mizani moja ilisongwa na watu hadi nje huku wapimaji wa mizani nyingine wakipiga soga. Hilo utalikuta kwenye daftari la kila mizani.

Sasa chukua mtoa huduma mdogo wa intaneti pale Nyakato, mwenye wateja wanaoingia kwa PPPoE (njia ya kumuunganisha kila mteja kwa jina na nywila yake) kupitia seva moja ya Linux yenye kori nane. Ikifika saa mbili usiku simu zinaanza: video zinagandaganda. Anaangalia laini ya faiba, haijajaa. Anafungua /proc/net/dev, faili la kerneli lenye hesabu za kadi, anaona jumla ya pakiti za kadi nzima, na safu ya zilizotupwa inapanda. Kwa hesabu hiyo peke yake atasema seva imezidiwa, anunue nyingine.

Tatizo liko kwenye mgawanyo. Kadi huamua pakiti iende foleni ipi kwa kukokotoa hashi, yaani namba inayotokana na anwani za IP na namba za poti, utaratibu unaoitwa RSS. Pakiti ya PPPoE imeificha anwani ya IP nyuma ya kichwa kingine, na kadi nyingi haziwezi kuchungulia humo. Matokeo yake trafiki yote inayotoka kwa wateja huangukia foleni moja, mara nyingi namba 0. Kori inayoihudumia inafika asilimia 100, foleni inajaa, pakiti zinamwagika, na kori nyingine saba zimelala. Hesabu ya kila foleni ingemwonyesha hayo kwa kutazama mara moja, kabla hajatoa hela mfukoni.

Hesabu hizo zilikuwepo zamani. Amri ya ethtool -S huzitoa, ila kila draiva hujitungia majina. Draiva ya ixgbe ya kadi za Intel huandika rx_queue_0_packets, mlx5 huandika rx0_packets. Skripti uliyoandikia kadi moja haifai kwa nyingine. Majina hayo ni usumbufu tu. Kinachouma ni maana, kwa sababu "zilizotupwa" za draiva hii huenda zinajumuisha kitu ambacho draiva ile haikihesabu kabisa.

Linux 6.9, iliyotoka Mei 2024, ilileta njia ya pamoja kupitia netlink, njia ya programu kuzungumza na kerneli. Draiva inaandika vitendaji vitatu (vipande vya programu vinavyoitwa na kerneli), cha kupokea, cha kutuma na cha msingi, na kila kaunta, yaani kila hesabu, imefafanuliwa kwa maneno kwenye faili la maandishi la YAML linalokaa pamoja na kerneli. Ufafanuzi wenyewe una uungwana fulani. Kaunta ya rx-alloc-fail, kwa mfano, inahesabu mara ambazo kuomba kumbukumbu ya bafa (mahali pa kuwekea pakiti kwa muda) kulishindikana, na maelezo yake yanatamka wazi kwamba kushindikana huko kunaweza kupoteza pakiti au kusipoteze, inategemea draiva. Kwa foleni ya Nyakato, ya kutazama ni rx-hw-drop-overruns: pakiti zilizotupwa kwa sababu nafasi ilikosekana kwa muda.

Hiki kitendaji cha msingi ndicho watu hukiruka, na mimi naona ndicho chenye akili zaidi. Msimamizi akipunguza foleni kutoka nane hadi nne kwa ethtool -L, foleni nne zinafutwa pamoja na hesabu zake. Kama jumla ya kadi ni foleni zilizopo tu, basi jumla itarudi nyuma ghafla, na programu ya grafu itadhani kaunta imezunguka (imefika kikomo ikaanza tena sifuri), ichore mlima usiokuwepo. Kwa hiyo draiva hutunza pembeni hesabu za foleni zilizokufa, na jumla ya kadi inapatikana kwa kuziongeza kwenye zilizo hai.

Jambo jingine ni sifuri. Kabla ya kuiuliza draiva, kerneli hujaza kila nafasi kwa biti za moja tupu. Nafasi ambayo draiva haikuigusa haitokei kwenye jibu. Ukiona 0, hakuna kilichotokea. Usipoona kitu, kadi haijui. Draiva inayojaza sifuri kwa asichokijua mwandishi wake inamdanganya msimamizi, na sioni udhuru wake.

Kuhesabu nako kuna gharama. Laini ya gigabiti 10 ikijaa pakiti ndogo kabisa za baiti 64 hupitisha takribani milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde kama 67 kwa kila moja. Kori zote zikigombania kaunta moja, muda huo unaliwa na ugomvi. Ndiyo maana kila foleni huandika kwenye kaunta yake na kazi ya kujumlisha anaachiwa msomaji. Kaunta huwa za biti 64, kwani ya biti 32 ya baiti huzunguka ndani ya sekunde 34 hivi kwenye gigabiti 1 iliyojaa. Ukisoma kila dakika 5 umeshapotea.

Bwana wa Nyakato anaweza kuwasha RPS, ambapo kerneli yenyewe ndiyo inayozigawa pakiti kwa kori mbalimbali baada ya kadi kuzipokea, kwa kuandika kori anazotaka kwenye faili la rps_cpus la foleni hiyo. Wateja watatulia, ila takwimu za foleni bado zitaonyesha kila kitu kwenye namba 0, maana mgawanyo huo unafanyika baada ya foleni. Ili kuuona atazame /proc/net/softnet_stat, ambayo hesabu zake ni za kila kori na zimeandikwa kwa namba za heksadesimali (za msingi wa 16).