Padeli za gia nyuma ya usukani, na mipaka ya mamlaka yake

Padeli za gia ni vibapa viwili vidogo vilivyo nyuma ya usukani wa baadhi ya magari ya otomatiki, cha kulia kikiwa na alama ya kujumlisha na cha kushoto alama ya kutoa. Dereva akivuta cha kulia anaomba gia ya juu, akivuta cha kushoto anaomba gia ya chini. Maelezo hayo yangetosha kama isingekuwa kauli inayorudiwa katika yadi za magari za Barabara ya Ngong na ya Kiambu, na katika matangazo ya magari yaliyotumika kutoka Japani, kwamba gari lenye padeli ni la otomatiki na la gia za mkono kwa pamoja. Kauli hiyo si ya kweli, na inamuumiza mnunuzi, kwa sababu inamfanya aamini kwamba amenunua uwezo ambao gari lake halina.

Kinachotenganisha gari la gia za mkono na la otomatiki ni klachi na anayeitawala. Katika gari la gia za mkono, mguu wa kushoto wa dereva ndio unaotenganisha injini na giaboksi, mkono wake ndio unaoingiza gia, na akikosea hakuna wa kumzuia: akisimama kwenye taa za barabarani akiwa gia ya tatu bila kukanyaga klachi, injini itazima, akiingiza gia ya pili gari likiwa kasi mno, anaweza kuiharibu injini kabisa. Katika gari lenye padeli kanyagio la klachi halipo, na kibapa chenyewe ni swichi ya umeme inayopeleka ombi kwa kompyuta ya giaboksi. Kompyuta hulinganisha ombi hilo na kasi ya gari na mizunguko ya injini, kisha hukubali au hukataa, mfano wa abiria anayebonyeza kengele ndani ya basi: dereva huisikia, lakini hasimami mahali pasipofaa kusimama. Gari likisimama kabisa, giaboksi hurudi gia ya kwanza yenyewe, na katika magari mengi injini ikifika kikomo cha mizunguko, gia hupanda bila kumngoja mtu. Ndiyo maana mwenye leseni ya daraja B1, lililotengwa kwa magari mepesi ya otomatiki, anaruhusiwa kuendesha gari lenye padeli, na ndiyo maana kulizoea gari hilo hakumfundishi kutumia klachi hata kidogo.

Mkanganyiko huu una asili inayoeleweka. Padeli zilipata sifa katika mashindano ya Formula 1 mwaka 1989, pale Ferrari ilipoleta gari la 640 lililobuniwa na mhandisi Mwingereza John Barnard. Barnard alitaka kuondoa mkono wa gia ili nafasi ya kukaa dereva iwe nyembamba na mikono yote miwili isitoke kwenye usukani. Machi 26 mwaka huo dereva Nigel Mansell alishinda mbio za kwanza za gari hilo, kule Rio de Janeiro, ingawa mfumo huo ulisumbua mara nyingi katika sehemu iliyobaki ya msimu huo. Giaboksi ile kwa muundo wake ilikuwa ya gia za mkono kweli, yenye meno na klachi, ila mitambo ndiyo iliyofanya kazi ya mkono na mguu. Mwaka 1997 Ferrari iliuza F355 yenye mfumo wa namna hiyo kwa matumizi ya barabarani. Mtu akisema padeli na gia za mkono katika sentensi moja kuhusu gari hilo, hajakosea sana.

Lakini padeli za magari yanayojaa Nairobi zina ukoo mwingine. Porsche, katika magari yake ya 911 ya mwaka 1990, iliiwekea giaboksi ya kawaida ya otomatiki njia ya dereva kuomba gia, ikaiita Tiptronic. Hapo giaboksi ilibaki ya otomatiki kwa kila kiungo, inayopokea nguvu ya injini kupitia oili badala ya klachi ya kukanyagwa. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kuomba. Baadhi ya Mazda Axela zenye padeli zimo katika ukoo huu. Volkswagen Golf zenye DSG ni aina nyingine, ambayo ina klachi mbili, moja ya gia witiri na moja ya gia shufwa, zote zikiendeshwa na kompyuta. Subaru Legacy na Outback zenye giaboksi ya CVT ndizo zinazofunua kosa la kauli ile kuliko zote, kwa maana ndani yake hamna gia za kupanda na kushuka. Mna mnyororo wa chuma kati ya puli mbili zinazobadilisha upana bila hatua, na dereva akivuta padeli, kompyuta huzishikilia puli hizo mahali ilipopanga, kisha huonyesha tarakimu kwenye dashibodi kana kwamba gia imeingia.

Katika uendeshaji wa kila siku, padeli zina kazi moja kubwa, nayo ni kuteremka. Kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo ni heri kuliacha gari kwenye D, hali ya otomatiki kamili, kwa sababu kompyuta huchagua gia vyema vya kutosha. Lakini anayeshuka kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu, nyuma ya malori yaliyosheheni, akikanyaga breki mteremko mzima, zitapata moto hadi zipungue nguvu. Akivuta padeli ya kushoto mara moja au mbili, injini huanza kulizuia gari, na breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura. Wapo wanaoweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, ilhali katika magari haya injini inayosukumwa na magurudumu hukatiwa mafuta na kompyuta, na iliyo nyutro huendelea kuyanywa ili isizime. Jambo la kuangaliwa ni kwamba injini inapopunguza mwendo, taa za breki haziwaki. Kwa hiyo anayefuatwa kwa karibu aguse breki kidogo ili aliye nyuma aone. Pia, padeli ikivutwa gari likiwa kwenye D, mara nyingi kompyuta hurudia uamuzi wake baada ya muda. Kwenye mteremko mrefu inafaa kuhamia M, hali ya dereva kuomba gia mwenyewe, ambapo gia iliyoombwa hudumu zaidi.

Muuzaji basi aliite gari hilo kwa jina lake, la otomatiki lenye padeli za gia, na aseme giaboksi yake ni ya aina gani. Mnunuzi naye aulize hilo kabla ya kuuliza kuhusu padeli, maana giaboksi ya CVT inataka oili yake maalumu, na fundi atakayeitilia oili ya otomatiki ya kawaida ataiharibu.