Osteosarkoma: saratani ya mfupa inapohamia mapafuni

Hii ni saratani gani?
Ni saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe, tofauti na ya titi au ya tezi dume ambayo hufika mifupani baadaye. Ni ya nadra, na huwapata zaidi vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati wanarefuka kwa kasi. Mara nyingi huota karibu na goti, au kwenye mfupa wa mkono karibu na bega.

Mwanangu anacheza mpira na goti linamuuma. Nitajuaje kama ni mpira tu?
Maumivu ya kuumia uwanjani hupungua siku hadi siku. Ya saratani hii huzidi, humwamsha usiku, kisha uvimbe hujitokeza. Tatizo ni kwamba mchezaji hakosi cha kusingizia: "Nilipigwa daluga." Kupigwa hakuleti saratani, ila humfanya mtu auangalie mguu wake. Mguu ukiuma wiki baada ya wiki, usiuchue wala kuufunga dawa. Kapige eksirei kwanza.

Ugonjwa uko gotini, mapafuni unafikaje?
Kwa damu. Chembe za saratani hung'oka na kuingia kwenye mishipa inayorudisha damu moyoni, na moyo huisukuma damu hiyo moja kwa moja mapafuni. Vishipa vya huko ni vyembamba mno, chembe hunasa kama machicha kwenye kifumbu. Baada ya mapafu, hufuata mifupa mingine. Usingoje kikohozi: vivimbe vya mapafuni mwanzoni havina dalili, na ndiyo maana mgonjwa wa goti huandikiwa sitiskani (picha ya kina) ya kifua.

Akikatwa mguu, si basi?
Zamani ilikuwa hivyo: mguu unakatwa, mgonjwa anaruhusiwa. Wengi walirudi na mapafu yameshashikwa, kwa kuwa chembe zilikuwa zimetoka kabla ya upasuaji. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18, akapewa na dawa. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, ikabainika ugonjwa uko mapafuni. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22.

Siku hizi dawa za saratani huanza kabla ya upasuaji na huendelea baada yake, zikiwinda chembe ambazo picha haizioni. Wagonjwa wengi hubaki na mguu wao: hutolewa kipande kibovu tu na kuwekwa chuma.

Ikishafika mapafuni?
Ni hali ngumu, lakini tiba ipo. Vivimbe vikiwa vichache, hutolewa kwa upasuaji, na wapo wanaopona. Penye tiba kamili, kati ya wagonjwa 10 ambao ugonjwa haujasambaa, 6 au 7 huwa hai miaka 5 baadaye. Kati ya 10 ambao umeshasambaa, ni 2 au 3. Anayemaliza tiba huendelea kupigwa picha za kifua kila baada ya miezi michache, hata akijisikia mzima kabisa.