Mauaji Afrika Kusini: takwimu zinaona mbele kiasi gani?

Mwaka wa fedha 2022/23 polisi wa Afrika Kusini walirekodi mauaji 27,494. Mwaka uliofuata yakawa 27,621. Takwimu za namna hii zikitoka, ubishi huanza papo hapo: mauaji yamepanda, waziri ameshindwa kazi, kamishna ajiuzulu. Mimi nachambua data za uhalifu, na swali langu la kwanza huwa moja: hiyo tofauti ya vifo 127 ina maana yoyote?

Hesabu yake si ngumu. Hata kama hakuna kitu kilichobadilika nchini, idadi ya mauaji haiwezi kuwa ileile kila mwaka. Hupanda na kushuka kwa nasibu tu. Mgawanyo wa Poisson, kanuni ya takwimu kwa matukio yanayotokea kwa nasibu, unatuambia inayumba kwa kiasi gani: chukua kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kwa 27,494 ni kama 166. Ukitafuta tofauti ya miaka miwili, myumbo wa kila mmoja unaingia, na inakuwa takriban 235. Kwa hiyo ongezeko la 127 limo ndani kabisa ya nasibu. Ukweli ni kwamba kiwango hakikusogea. Kilibaki takriban watu 45 waliouawa kwa kila watu 100,000, na hapo ndipo kilio kinapostahili kuwa, maana makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa dunia nzima mwaka 2021 yalikuwa 5.8.

Sasa shuka hadi kwenye kituo kimoja cha polisi chenye mauaji kama 100 kwa mwaka. Kipeuo chake ni 10. Kituo hicho kinaweza kurekodi 88 mwaka huu na 111 mwakani bila mkuu wa kituo kufanya lolote jema wala baya. Kwa robo mwaka hali ni mbaya zaidi: mauaji 25, na myumbo wa 5 juu au chini, yaani asilimia 20. Hata hivyo kila ripoti ya robo mwaka hutoka na orodha ya vituo 30 vinavyoongoza, na asilimia za kupanda na kushuka pembeni. Watu wanasifiwa na kulaumiwa kwa asilimia hizo. Naumia nikiliona hilo, kwa sababu askari na fedha huhamishwa kwa kufuata nasibu.

Tena Poisson ni mpole mno. Inachukulia kwamba kila tukio linatokea kivyake, wakati mauaji huzaa mauaji. Genge likipoteza mtu leo, wiki ijayo watakufa wengine watatu. Vurugu za Julai 2021 katika majimbo ya KwaZulu-Natal na Gauteng ziliua zaidi ya watu 350 kwa siku chache. Ndiyo maana wengi wetu hutumia modeli ya binomia hasi, ambayo inaruhusu myumbo mkubwa kuliko wa Poisson. Hiyo nayo inazidi kutuonya tusikimbilie kutangaza kwamba mambo yamebadilika.

Kuhusu kigawanyo, yaani idadi ya watu tunayogawia mauaji ili kupata kiwango: sensa ya 2022 ilitoa watu milioni 62, lakini hiyo ni idadi iliyokwisha kurekebishwa, kwa sababu uchunguzi uliofuata baada ya sensa ulionyesha kuwa asilimia 31 hivi ya watu hawakufikiwa. Gawa mauaji ya 2022/23 kwa milioni 62 upate 44.3. Gawa kwa makadirio ya katikati ya mwaka 2022, watu milioni 60.6, upate 45.4. Mtu akikuletea kiwango chenye desimali mbili, usikikubali kirahisi.

Tuje kwenye utabiri wenyewe. Jiweke mwaka 2012. Mkononi una data za polisi tangu 1994/95, mwaka ambao watu 25,965 waliuawa, kiwango cha takriban 67. Mwaka 2011/12 idadi ni 15,554, kiwango takriban 30. Ni mteremko mrefu ambao nchi chache zimewahi kuupata. Chora mstari ulionyooka, uurefushe miaka 11 mbele: unakupa 6 hivi. Ukiona hilo ni matumaini yaliyopitiliza, chukulia kwamba kiwango kinapungua kwa asilimia ileile kila mwaka, karibu 4.6: unapata 18. Kilichotokea ni 45.

Hakuna modeli ya mwelekeo peke yake ambayo ingeuona mpindo huo, kwa sababu ndani ya zile namba za miaka 18 mpindo haukuwamo. Ulikuwa kwingine. Sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2000 ilianza kutumika kikamilifu 2004, na vifo vya risasi vikapungua. Kisha bunduki zikarudi mitaani, nyingine kwa kutokea ghala la polisi wenyewe: kanali mmoja wa zamani alihukumiwa miaka 18 jela mwaka 2016 baada ya kukiri kuuza takriban bunduki 2,000 zilizopaswa kuharibiwa, na nyingi ziliishia kwa magenge ya jimbo la Western Cape. Grafu ya mauaji inaonyesha matokeo ya biashara hiyo miaka kadhaa baadaye. Bunduki zenyewe hazimo kwenye safu yoyote ya jedwali.

Kuna wakati mmoja tu ambapo nchi nzima iligeuka kuwa kama jaribio. Machi 27, 2020 ilianza amri ya kukaa nyumbani kwa ajili ya korona, na uuzaji wa pombe ukapigwa marufuku. Robo ya Aprili hadi Juni ya mwaka huo ilirekodi mauaji 3,466. Robo kama hiyo mwaka mmoja kabla ilikuwa na takriban 5,400. Ni pungufu ya asilimia 36, mbali kabisa na kipeuo chochote. Lakini je, ni pombe au ni watu kutotoka nje? Mambo mawili yalianza siku moja, na takwimu haziwezi kuyatenganisha kwa kutazama robo hiyo tu. Kinachotusaidia ni kwamba pombe iliruhusiwa tena Juni 1, ikapigwa marufuku tena Julai 12, ikaruhusiwa Agosti, wakati masharti mengine yakibadilika kwa ratiba yake. Kila kufungua na kufunga ni nafasi ya kulinganisha, hasa ukiwa na data za kila wiki. Za robo mwaka zinafunika karibu kila kitu chenye manufaa hapo.

Kwa hiyo natabiri vipi? Naanza na kipimo cha kijinga kabisa: mwaka ujao utakuwa kama huu. Modeli yoyote, iwe ARIMA, inayotabiri kwa kutumia namba za nyuma tu, au yenye vigezo ishirini, lazima ikishinde kipimo hicho kwenye miaka ambayo haikuonyeshwa. Nyingi hazikishindi. Naweka msimu ndani, kwa sababu Desemba huwa na umwagaji damu zaidi na wikendi si sawa na Jumanne. Kisha natoa masafa, yaani kati ya namba fulani na fulani, kamwe si namba moja.

Na masafa hayo yawe mapana kuliko modeli inavyotaka. Kati ya 2012 na 2020 mauaji yaliongezeka kila mwaka kwa mamia, yakivuka elfu moja mara moja tu. Modeli iliyofunzwa kwa miaka hiyo inajiamini sana: kwa 2021/22 ingekupa 22,000 au 23,000 hivi, na mia kadhaa juu na chini. Idadi halisi ilikuwa 25,181, ikitoka 19,972 ya mwaka wa amri za kukaa nyumbani. Miaka tulivu hufunza modeli utulivu. Siku hizi naiacha miaka ya vurugu ndani ya data hata pale mwenzangu anaposhauri iondolewe kwa kuwa si ya kawaida, na masafa yangu yanakuwa mapana kiasi cha kuwaudhi wanaoyasubiri.

Ninachowaomba wenye data ni safu mbili tu zaidi katika kila ripoti ya kituo: silaha iliyotumika, na tarehe ya tukio badala ya robo mwaka. Kwa hizo mbili tungeweza kuona bunduki zikiingia kwenye mtaa mwezi uleule zinapoingia, na kupanga watu wa kwenda huko kabla ya robo nzima kupita.