Msuli Huvuta, Hausukumi: Jinsi Misuli na Mifupa Inavyotujongeza

Weka kiganja cha kulia chini ya meza kana kwamba unataka kuinyanyua, kisha kwa mkono wa kushoto papasa mkono huo kati ya bega na kiwiko. Mbele kumekaza, nyuma kumelegea. Sasa hamishia kiganja juu ya meza, uikandamize. Mambo yamegeuka: mbele kumelegea, nyuma kumekaza. Meza umeisukuma kwelikweli, lakini ndani ya mkono wako hakuna msuli hata mmoja uliosukuma. Msuli wa nyuma, trisepsi, umevuta ncha ya mfupa inayochomoza nyuma ya kiwiko, na mkono ukataka kunyooka.

Msuli hujua kujifupisha tu. Ukishajifupisha hauwezi kujirefusha wenyewe. Hungoja uvutwe na msuli mwingine, au na uzito wa kiungo chenyewe. Ndiyo maana misuli inayoendesha mifupa, ambayo ni zaidi ya 600, imepangwa kwa makundi yanayopingana: wa kukunja na wa kunyoosha, wa kuinua na wa kushusha. Mifupa ya mtu mzima ni 206 kwa kawaida, na bila hiyo misuli ingejikunja tu bila kumpeleka mtu popote.

Mvuto wenyewe unatokea kwenye nyuzi nyembamba za protini, aktini na miosini. Neva ikileta amri, kalsiamu humwagika ndani ya seli ya msuli, na vichwa vidogo vya miosini hushika aktini, huivuta, huiachia na kushika mbele zaidi, kama watu wanaovuta kamba kwa kupokezana mikono. Cha ajabu ni kwamba hata kuachia kunahitaji nishati. Kichwa cha miosini hakibanduki mpaka kipate ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo kwa sababu hiyo: ATP imekwisha, na nyuzi zimebaki zimeshikana.

Msuli hufungwa kwenye mfupa kwa kano. Kano ya kisigino ikikatika, mgonjwa hushindwa kuinuka kwa ncha ya mguu huo ilhali msuli wa nyuma ya mguu ni mzima na mfupa ni mzima. Nguvu ipo, ila haina pa kupitia.

Pale kano inaposhika, mfupa hugeuka kuwa wenzo, na hapa maumbile yamefanya biashara ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni ya hasara. Kano ya bisepsi, ule msuli wa mbele uliokaza ulipotaka kuinyanyua meza, imeshika mfupa wa kigasha karibu sana na kiwiko. Tuseme ni sentimita 5 kutoka kwenye kiungo, na kiganja kiko sentimita 35. Ukishika mzigo wa kilo 5 huku umekunja kiwiko, msuli unalazimika kuvuta kana kwamba umebeba kilo 35, na uzito wa mkono wenyewe bado hatujauhesabu. Faida yake iko kwenye mwendo: msuli ukijifupisha sentimita 1, kiganja kinapanda kama sentimita 7. Tumepewa wepesi, tukalipia kwa nguvu. Ukituona wataalamu wa viungo tunawasumbua watu wabebe mzigo karibu na mwili, hesabu ni hiyohiyo. Kadiri mzigo unavyokaa mbali, ndivyo misuli ya mgongo inavyovuta zaidi na pingili zinavyobanwa.

Kwenye goti, pia ya goti husogeza kano mbele kidogo, mbali na kiungo, na msuli wa paja hupata nafuu ya kuunyoosha mguu.

Mfupa nao si mti mkavu. Ni kiungo hai chenye damu na seli zinazobomoa na kujenga kila siku, na seli hizo hufuata mzigo unaoletwa na misuli. Mchezaji wa tenisi wa miaka mingi huwa na mifupa minene zaidi kwenye mkono wa raketi, na wanaanga wanaokaa miezi angani hurudi mifupa yao ya miguu na nyonga imepungua uzito.

Aliyevunjika kigasha na kufungwa plasta yuko kwenye hatari ya aina hiyo: msuli unasinyaa, mfupa unapungua, kiungo kinakuwa kigumu. Sasa tazama kigasha chako huku ukichezesha vidole. Ngozi inacheza karibu na kiwiko, kwa kuwa misuli mikubwa ya kukunja na kunyoosha vidole inakaa huko na kuvuta kwa kano ndefu. Kwa hiyo tunapomwambia mgonjwa akunje na kukunjua vidole mara nyingi kwa siku, maadamu daktari wake hajamkataza, misuli inayofanya zoezi ni ile iliyofichwa ndani ya plasta.